Sura ya 5: Kabla ya Akika

Nje ya chumba cha kujifungulia, wanaomsubiri mzazi wana swali linalotangulia lile la mtoto wa kike au wa kiume. Amelia? Bibi anauliza, shangazi anauliza, na baba aliyesimama kando na simu mkononi hapigi kwa mtu mpaka asikie jibu.

Katika nyumba za Buyenzi, mtaa wa Bujumbura nchini Burundi, zinazofuata madhehebu ya Shafii, kama zilivyo nyingi za Waswahili, kilio hicho kina hukumu yake. Mtoto aliyetoa sauti, au dalili nyingine ya uhai, kisha akafa, huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa na kuzikwa kama maiti yeyote. Aliyepitisha miezi minne tumboni akatoka bila dalili ya uhai huoshwa, huvikwa na kuzikwa, lakini hasaliwi. Daftari la materinite, yaani wodi ya uzazi, nalo limechora mstari papo hapo: aliyezaliwa mfu anaandikwa upande huu, aliyezaliwa hai akafa anaandikwa upande ule. Tangu hapo hesabu zao hazikutani. Mmoja ataingia katika takwimu za vifo vya watoto zinazosomwa mikutanoni. Mwenzake, mara nyingi, habari zake zinaishia kwenye daftari lile.

Wataalamu wa uzazi walikwisha kuona kwamba mstari huo unaficha jambo, ndiyo maana wana kipimo kinachowaweka watoto hawa pamoja: vifo vyote tangu wiki ya 28 ya mimba hadi mtoto atimize siku 7. Katika nyumba ya Kiislamu siku ya saba ndiyo siku ya akika. Mnyama anachinjwa, nywele za mtoto zinanyolewa, jina linatangazwa. Kipindi kinachoshughulikiwa na sura hii ndicho hicho kinachokomea kwenye akika, na ni kipindi cha hatari kuliko chochote binadamu atakachopita baadaye. Duniani, watoto wapatao milioni 1.9 huzaliwa wafu kila mwaka. Kati ya wachanga milioni 2.3 waliokufa mwaka 2022 kabla ya kumaliza mwezi wa kwanza, karibu robo tatu hawakuvuka wiki.

Ukiwatazama watoto wa pande zote mbili za daftari, utakuta wengi wameuawa na mambo yaleyale, katika saa zilezile chache. Na katika mtaa kama Buyenzi, hatari iliyo rahisi zaidi kuondolewa ni muda: ule unaopotea kati ya dalili ya kwanza na mkono wa kwanza wenye ujuzi na vifaa.

Mtaa ulio karibu na kila kitu

Buyenzi ni kartie kongwe ya Bujumbura iliyopangwa kwa mistari, yenye avenyu zinazoitwa kwa namba. Upande wa kaskazini unapita mto Ntahangwa. Ndani yake kuna soko la Ruvumera, gereji zinazojaza barabara, misikiti, na Kiswahili kinachozungumzwa mlangoni na jikoni. Wakoloni waliutenga mtaa huu kwa watu waliowaita Waswahili: waliotoka Ujiji, Manyema na mwambao, na waliojiunga nao. Wakongo waliendelea kuja, na katikati ya miaka ya 1990, wakati mitaa mingi ya mji ilipogawanyika kwa makabila, Buyenzi ilibaki na mchanganyiko wake.

Mwanamke wa hapa hana safari ndefu. Hospitali ya Prince Régent Charles iko upande huuhuu wa mto. Kliniki ya Prince Louis Rwagasore iko mjini kati. Hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge, ambayo wengi bado wanaiita Roi Khaled, iko ng'ambo ya Ntahangwa, kilomita chache tu. Mama wa milimani anayebebwa kwa machela hadi barabara ya lami angeuona ukaribu huu kuwa neema.

Lakini kilomita ni kipimo kimoja tu. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba mama anayepata matatizo ya uzazi hucheleweshwa mara tatu: katika kuamua kwenda, katika kufika, na katika kuhudumiwa akiwa amekwisha kufika. Mtaa wa mjini hupunguza ucheleweshaji wa pili. Wa kwanza unabaki chumbani kwa mama mkwe, na wa tatu unabaki kwenye korido ya hospitali.

Yanayoanza miezi kabla

Hatari nyingine huanza mapema, na ni haki kuzitaja kabla ya kufika leba.

Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika tambarare ya Imbo, mahali pa joto na mbu. Machi 2017 serikali ya Burundi ilitangaza kwamba malaria imekuwa mlipuko. Kwa mjamzito, vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, palepale mtoto anapopatia chakula na hewa. Mama anaweza kutembea, kupika na kuuza sokoni bila homa kali, huku mtoto akikondeana tumboni. Anazaliwa na uzito mdogo, au kabla ya wakati, au hazaliwi hai. Chandarua na dozi za dawa ya malaria iitwayo SP zinazotolewa kliniki kuanzia miezi ya kati ya mimba huvunja mnyororo huo.

Malaria inakula damu, na damu yenyewe mara nyingi ilikuwa chache tangu mwanzo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016–2017 ulikuta wanawake 39 kati ya 100 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Mwanamke wa namna hiyo akitokwa na damu kiasi ambacho mwingine angekivumilia, yeye na mtoto wote wawili wako hatarini.

Kaswende haipigi kelele, lakini ni miongoni mwa sababu kubwa za mtoto kufia tumboni, na tiba yake ni sindano ya penisilini ambayo haina bei ya kutisha. Kipimo chake ni tone la damu. Presha ya mimba nayo hujionyesha kwa kichwa kinachouma mbele, macho kuona vimulimuli, uso na mikono kuvimba. Ikiachwa inakuwa kifafa cha mimba. Kisukari, ujauzito wa pacha, umri mdogo sana au mkubwa, mimba iliyofuata nyingine kabla ya miaka miwili, na zaidi ya yote historia ya kumpoteza mtoto mwingine kabla: haya yote yanapaswa kuandikwa kwenye karatasi ya kliniki na kusomwa na mtu.

Ndiyo sababu mahudhurio ya kliniki hayapimwi kwa kuhesabu mara ya kwanza peke yake. Utafiti ule wa 2016–2017 ulionyesha kwamba karibu wajawazito wote wa Burundi, 99 kati ya 100, walifika kliniki angalau mara moja. Waliofika mara nne au zaidi walikuwa kama nusu. Shirika la Afya Duniani, tangu 2016, linapendekeza mara nane. Anayekwenda mara moja, mwezi wa sita, ili apate karatasi itakayomfungulia mlango siku ya kujifungua, amepimwa presha wakati ambapo presha bado haijapanda.

Saa za uchungu

Mkunga akimpokea mtoto aliyezaliwa mfu hutazama ngozi. Ikiwa imeanza kuvuka, mtoto alifariki tumboni zamani kidogo, pengine siku kadhaa. Ikiwa ngozi ni nzima, mtoto huyo alikuwa hai hadi karibu sana na kutoka. Huenda moyo wake ulisikika mama alipoingia wodini. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, watoto 45 kati ya 100 wanaozaliwa wafu hufa baada ya uchungu kuanza. Katika nchi tajiri vifo vya aina hiyo vimekuwa nadra. Hakuna kipimo kinachosema wazi zaidi kama mama aliangaliwa au aliachwa.

Tumfuate mwanamke wa kubuni, wa avenyu yoyote. Uchungu unamwanza baada ya Magharibi. Mama mkwe, aliyezaa saba, anasema bado, mimba ya kwanza huchelewa. Kuna anayeleta kikombe cha dawa ya miti ili kuharakisha. Dawa hizo, kama sindano ya uchungu inayotolewa bila kipimo, zinaweza kuubana mfuko wa uzazi mfululizo. Kila unapobana, damu inayompelekea mtoto hewa hupungua; asipopata nafasi ya kupumzika kati ya mbano na mbano, anaanza kukosa hewa.

Saa nne usiku chupa inapasuka, maji yana rangi ya kijani. Mtoto amejisaidia ndani, na mara nyingi hiyo ni ishara kwamba amebanwa. Sasa wanaamua kwenda. Mume anatafuta taksi. Tangu mwanzo wa miaka ya 2020 Burundi imepitia uhaba wa mafuta uliorudi tena na tena, magari yakilala kwenye foleni za vituo. Tuktuk na pikipiki zilipigwa marufuku kuingia katikati ya mji Machi 2022. Kwa hiyo hospitali iliyo karibu kwa macho inaweza kuwa mbali kwa saa.

Anapofika, ucheleweshaji wa tatu unaanza. Mkunga mmoja ana wazazi kadhaa. Kuna karatasi iitwayo patografu, iliyobuniwa na Philpott na Castle kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na kuchapishwa mwaka 1972. Inachora jinsi njia inavyofunguka saa kwa saa, na mstari wake wa tahadhari unamwambia mkunga wa kituo kidogo: huyu asingoje tena, apelekwe. Ni chombo kilichozaliwa Afrika kwa ajili ya wakunga wa Afrika. Katika wodi nyingi hujazwa baada ya mtoto kutoka, ili faili likamilike. Karatasi iliyojazwa asubuhi haikumsaidia mtu usiku.

Dakika 78 za Kabezi

Kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara inayofuata ziwa kuelekea Rumonge, iko Kabezi. Mwaka 2006 Madaktari Wasio na Mipaka walianzisha hapo huduma ya dharura za uzazi, bila malipo, na kuiunganisha na materinite tisa za vituo vya afya. Kituo kikiona mama amekwama, kilipiga simu, na ambilansi ikaenda kumchukua.

Mwaka 2011 ambilansi ziliitwa mara 1,478. Muda wa kati, tangu simu ipigwe hadi mama afike, ulikuwa dakika 78. Watafiti walipolinganisha waliofika mapema na waliochelewa, walikuta kwamba safari iliyozidi saa tatu ilikaribia kuzidisha mara mbili hatari ya mchanga kufa katika siku za mwanzo. Hapa ndipo tunapouona muda ukiwa umepimwa kama sababu ya kifo, sawa na presha au malaria. Gharama ya mtandao mzima wa ambilansi, ikigawanywa kwa wakazi wa eneo hilo, ilikuwa senti 43 za yuro kwa mtu mmoja kwa mwaka.

Kabezi hiyohiyo ilitoa somo la pili. Watoto njiti walitunzwa bila mashine za bei kubwa: joto, kifua cha mama, maziwa ya mama kwa kijiko au mpira, dawa za maambukizi, na wauguzi waliofunzwa. Kati ya waliozaliwa wakiwa na wiki 32 hadi 36, takriban 87 kati ya 100 walitoka hospitali wakiwa hai. Hata wa chini ya wiki 32 walitoka wakiwa hai takriban 62 kati ya 100, watoto ambao jirani angesema hawa si wa kukaa.

Mlango uliofunguliwa 2006

Mwaka huohuo wa 2006 jambo kubwa zaidi lilitokea kitaifa. Tarehe 1 Mei, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba kujifungua, pamoja na kujifungua kwa operesheni, na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano yatakuwa bure katika vituo vya serikali. Ili kuelewa uzito wa tangazo hilo, inafaa kukumbuka ripoti iliyotolewa na Human Rights Watch Septemba ya mwaka huo: wagonjwa maskini, wakiwemo wanawake waliopasuliwa wakati wa kujifungua, walikuwa wakizuiliwa hospitalini kwa sababu ya bili. Mwanamke anayejua kwamba operesheni itamfanya mfungwa wa wodi ana sababu nzuri ya kusema nitazalia nyumbani.

Wanawake waliitikia. Mwaka 2010 watoto 60 kati ya 100 walizaliwa katika vituo vya afya. Kufikia 2016–2017 walikuwa 84. Ni mabadiliko ambayo nchi nyingi tajiri kuliko Burundi hazikuyapata kwa kasi hiyo. Vifo vya wachanga katika mwezi wa kwanza vilishuka pia, kutoka 31 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai hadi 23. Ni nafuu kubwa. Lakini 23 kati ya 1,000 waliendelea kufa, ingawa wengi wa mama zao sasa walikuwa wakizalia mikononi mwa wahudumu. Na waliozaliwa wafu hawamo hata katika hesabu hiyo, kwa kuwa ni ya waliolia.

Kuondoa bei kulitibu sehemu ya ucheleweshaji wa kwanza, na kuliwaleta akina mama wengi kwa mkunga yuleyule, chumba cha operesheni kilekile na friji ya damu ileile. Hatari ilihamia ndani ya jengo.

Dakika ya kwanza

Nchini Tanzania wamefanya kazi inayoonyesha nini kinawezekana ndani ya jengo hilo. Mafunzo yaliyozinduliwa mwaka 2010 yanamfundisha mkunga kwamba mtoto asiyelia ana dakika moja: akaushwe, asuguliwe mgongo, na asipovuta pumzi apewe hewa kwa mfuko na barakoa ndogo kabla dakika haijaisha. Yalipojaribiwa katika hospitali nane nchini humo, vifo vya wachanga katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa 47 kati ya 100. Lenye kushangaza zaidi ni kwamba waliozaliwa wafu wenye ngozi nzima nao walipungua, kwa 24 kati ya 100.

Kumpa hewa mtoto hakumfufui maiti. Maana yake ni kwamba baadhi ya walioandikwa wafu walikuwa hai. Walikuwa na moyo uliopiga taratibu, rangi iliyopauka, mwili uliolegea, na hakuna aliyewasikiliza kifua. Kimya chao kilitosha kuwapeleka upande usio wao wa daftari. Ndipo hukumu ya fikihi inapopata uzito mpya kwa msomaji wa Buyenzi, maana yenyewe haikutaja kilio pekee. Ilitaja na dalili nyingine za uhai, na dalili lazima itafutwe.

Kazi hiyo iliendelea hadi hospitali 30 za Tanzania, chini ya mpango wa Safer Births ulioota mizizi kutoka Hospitali ya Haydom. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto wakati wa uchungu na katika siku za mwanzo vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Siri haikuwa semina ya siku moja hotelini. Wakunga walifanya mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, kwenye mwanasesere wodini kwao; walikuwa na kifaa cha kusikiliza moyo wa mtoto wakati wa uchungu; na walirudishiwa takwimu zao wenyewe wazione na kuzijadili.

Baridi katika mji wa joto

Aliyelia naye hajavuka. Bujumbura ni mji wa jasho, na ni vigumu kumshawishi mtu kwamba mchanga anaweza kufa kwa baridi hapa. Lakini mtoto anatoka mahali pa nyuzi 37 akiwa ameloa. Akiogeshwa saa ileile ili apendeze kwa wageni, joto lake linashuka, anatumia sukari kidogo aliyonayo kujipasha, anachoka kunyonya, na maambukizi yanamkuta hana nguvu. Kukaushwa na kuwekwa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, kunyonyeshwa ndani ya saa ya kwanza, kuogeshwa baada ya siku nzima kupita, na kitovu kuachwa kikavu bila majivu wala mafuta: hakuna katika haya linalohitaji faranga.

Dalili za hatari katika wiki ya kwanza ni chache na kila bibi anaweza kuzijua. Mtoto amekataa kunyonya. Amekuwa wa moto au wa baridi. Anapumua kwa haraka, kifua kikiingia ndani. Amelegea, au amepata degedege. Mchanga mwenye moja ya hizi hangojei kukuche.

Kuna watakaosema ajali hizi ni kudra, na mzazi aliyefiwa anastahili faraja hiyo. Lakini fundi wa gereji ya Buyenzi anaamini kudra vilevile, na bado anakagua breki kabla ya kumrudishia mwenye gari funguo.

Kazi ya kufanya na daftari

Ukaguzi wa nyumbani ufanyike mimba ikiwa ya miezi saba. Familia ijibu maswali haya: tutakwenda hospitali gani, na je, inafanya operesheni usiku? Nani ana gari lenye mafuta, na namba yake iko wapi? Nani wa kutoa damu? Mume akiwa safarini Uvira au Kigoma, nani ana idhini ya kusema twendeni? Wahudumu wa afya wa mitaani, wale wanaoitwa abaremeshakiyago, wanaweza kuyauliza maswali hayo mlango kwa mlango, na mama mkwe akiulizwa kwa heshima huwa mshirika wao wa kwanza.

Ukaguzi wa wodini ni mgumu zaidi, kwa sababu unagusa heshima ya kazi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuchunguza kila kifo cha mtoto kabla na baada ya kuzaliwa. Utaratibu wake ni wa kawaida: mara moja kwa mwezi, wakunga, madaktari na mkuu wa kituo wanakaa na daftari wazi, pande zote mbili kwa pamoja. Kwa kila mtoto wanauliza moyo ulisikilizwa saa ngapi mara ya mwisho, uamuzi wa kupasua ulitolewa saa ngapi, na kisu kilianza saa ngapi. Wakiziandika saa hizo tatu kwa miezi michache, watajua kama kinachowaua watoto wao ni friji isiyo na damu, mtaalamu wa ganzi anayelala ng'ambo ya mto, au mkunga mmoja aliyeachiwa wazazi wanane.

Kazi hiyo haingoji jengo jipya. Inahitaji saa ya ukutani inayotembea, kalamu, na mkuu wa kituo ambaye hatayatumia majibu kumwadhibu mkunga aliyeandika ukweli.